Babu mmoja, majina manne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutafuta ukoo katika vitabu vya zamani

Majibu haya ni kwa wanaotafuta wazee wao katika vitabu vya misheni, majalada ya serikali za kikoloni na hati za makadhi wa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, hasa wazee waliozaliwa kati ya miaka ya 1860 na 1950. Wengi wa wazee hao wamo kwenye kumbukumbu. Shida ni kwamba wameandikwa kwa majina ambayo wajukuu hawakuyazoea, na aliyeshika kalamu mara nyingi hakujua lugha ya aliyesimama mbele yake.

Kwa nini babu ana jina moja kwenye ubatizo, jingine kwenye kodi na jingine kaburini?

Kwa sababu kila kitabu kilimuuliza swali lake. Padri alitaka jina la mtakatifu. Karani wa kodi alitaka jina la mtu na la baba yake. Mnyapara wa shamba la katani alitosheka na jina la utani pamoja na namba ya mkataba. Nyumbani kulikuwa na jina la kuzaliwa, na kwa makabila mengi jingine lililokuja baada ya jando. Yote ni majina yake halali.

Tazama watu ambao maisha yao yanajulikana. Mzee Jomo Kenyatta utotoni aliitwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone Kamau mwaka 1914 katika misheni ya Waskoti ya Thogoto, na jina la Kenyatta likaja baadaye. Anayetafuta "Kenyatta" katika kitabu cha ubatizo cha 1914 hataliona. Rais Daniel arap Moi alizaliwa akiitwa Toroitich, na baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. Kwa Wakalenjin, kiambishi cha mwanzo cha jina la baba hudondoka baada ya "arap": mtoto wa Kimoi ni arap Moi, mtoto wa Kipkoech ni arap Koech. Ukimtafuta baba kwa "Moi" peke yake utampita ukurasani bila kumtambua. Naye Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yule mfanyabiashara wa misafara, yumo katika barua za Wazungu kama Tippu Tip, Tippu Tib na Tippoo Tib.

Nianzie wapi?

Kwa aliye karibu nawe, kisha urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usiruke. Anayeanza na mtu mashuhuri wa mwaka 1880 na kushuka kujaribu kujiunganisha naye karibu kila mara huishia kwenye ukoo wa watu wengine.

Wazee waulize mmoja mmoja, si kikaoni, kwa sababu kikaoni mkubwa akishasema wengine humfuata. Kwa kila mtu unayemtafuta, uliza majina matano: la kuzaliwa, la jando au unyago, la dini, la kazini au shuleni, na la utani. Kisha uliza mahali: kijiji, kigango au msikiti, na alikuwa chini ya jumbe, mtemi au chifu gani. Swali hili la mwisho watu hulisahau, ilhali majalada ya serikali yalipangwa kwa wilaya na kwa utawala wa chini yake, si kwa majina ya watu.

Halafu kusanya karatasi za nyumbani kabla mchwa hawajazifikia: risiti za kodi, kadi za chama, vyeti vya ndoa, barua, vitabu vya sala vilivyoandikwa tarehe za watoto ndani ya jalada, na historia ya marehemu iliyosomwa msibani. Piga picha pande zote mbili za kila karatasi. Namba na muhuri ulioko nyuma ndio mara nyingi unaokuelekeza kwenye ofisi iliyotoa hati.

Jihadhari na mahali pia. Operesheni ya Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu wengi, kwa hiyo kijiji anachokitaja bibi huenda leo ni shamba au pori. Miji nayo ilibadili majina: Lushoto iliandikwa Wilhelmstal, Tukuyu ikaandikwa Neu-Langenburg, Kasanga ikaitwa Bismarckburg, Murang'a ikawa Fort Hall. Kwa jamaa waliovuka ziwa, Kalemie ilikuwa Albertville na Bujumbura ikiitwa Usumbura.

Wajerumani waliandikaje majina yetu?

Waliandika walivyosikia, kwa herufi za kwao. Ukizijua kanuni chache, nusu ya kazi imekwisha:

- J yao ni Y yetu: Bagamojo ni Bagamoyo, Jusufu ni Yusufu, Wajao ni Wayao.
- Dsch ni J: Dschuma ni Juma, Udschidschi ni Ujiji. Lakini Dschagga ni Chagga, kwa kuwa sikio lao halikutenga sauti hizo mbili vizuri.
- Tsch ni CH, na Sch ni SH: Moschi, Aruscha, Schabani.
- Ch yao mara nyingi ni KH au H: Chamis ni Khamis, yaani Hamisi.
- S moja inaweza kuwa Z: Sansibar, Muansa, Usaramo. Walipotaka S kavu waliandika mbili: Ssongea, Kilossa.
- U mbele ya irabu ni W: Muansa ni Mwanza. Qu ni KW: Mkwawa wa Wahehe, ambaye jina lake ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, katika majalada yao ni Quawa.

Ongeza tatizo la mwandiko. Makarani wengi wa wakati huo waliandika kwa mtindo wa Kurrent, ambamo herufi e hufanana na n, na s ndefu hufanana na f. Herufi u huwekewa alama ndogo juu ili isichanganywe na n, na mtu asiyejua huidhani irabu nyingine. Kabla ya kusoma jina usilolijua, tafuta katika ukurasa huohuo neno unalolijua, kama jina la mwezi au la mji, ujifunze karani huyo alivyozichora herufi zake. Kisha rudi kwenye jina.

Na Wafaransa, Waingereza na Wareno?

Hapa mtego mkubwa ni herufi CH, maana thamani yake hutegemea nani aliandika. Kwa Mwingereza ni CH ya "chakula". Kwa Mjerumani ni KH. Kwa Mfaransa ni SH, kwa hiyo "Chabani" katika kitabu cha mapadri Wafaransa ni Shabani, na sauti ya CH yenyewe wao huiandika TCH. Kwa Kikuyu, herufi C peke yake husomeka karibu na SH. Basi kabla hujaamua jina linasomekaje, jua kwanza padri au karani alikuwa mtu wa wapi. Sahihi yake iko mwisho wa kila ingizo.

Wafaransa na Wabelgiji huandika OU kwa U na DJ kwa J, kama Oudjidji. Waingereza wa karne ya 19 waliandika OO kwa U na EE kwa I. Wareno huweka X kwa SH, NH kwa NY, na C au QU mahali pa K. Hilo linawahusu sana Wamakonde na Wamakua ambao wazee wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani.

Tena kuna makarani wetu wenyewe, ambao waliandika kwa sikio la lugha ya mama. L na R hubadilishana katika lugha nyingi za Bara. SH huwa S kwa Mjaluo. Ng'w ya Kisukuma huandikwa Mw, Gw au Nw. Na H huongezwa au kudondoshwa mwanzoni mwa neno. Makosa haya yana utaratibu wake, na ukishaona karani mmoja anavyoteleza unaweza kumtabiri kitabu kizima.

Kitabu cha ubatizo kimeandikwa Kilatini. Nitajuaje kinasema nini?

Huhitaji kujua Kilatini chote. Maneno kumi hivi yanatosha: "baptizavi" ni nimebatiza, "filius" ni mwana wa kiume, "filia" ni binti, "natus" au "nata" ni amezaliwa, "circiter" ni takriban, "patrinus" na "matrina" ni wasimamizi, "conjuges" ni mume na mke, "infideles" au "pagani" ni wazazi wasiobatizwa, "in periculo mortis" ni aliyebatizwa akiwa hatarini kufa.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kutojua kwamba majina ya wazazi hubadilika mwisho. "Filius Petri et Mariae" maana yake ni mwana wa Petrus na Maria. Vivyo hivyo Joannes huwa "Joannis" na Josephus huwa "Josephi". Wapo waliotengeneza ukoo wa watu wanaoitwa "Joannis" kana kwamba ni jina la kimila.

Joannes, Jean, Johann, Johanes, John na Yohana ni jina lile lile. Ludovicus ni Louis na Ludwig. Guilelmus ni Wilhelm na William. Carolus ni Karoli na Charles. Padri akibadilishwa, mtu yuleyule hubadilika jina kitabuni bila yeye mwenyewe kujua.

Sasa jambo lenye thamani kuliko yote katika vitabu vya Kikatoliki: pambizo. Tangu amri ya Kanisa iitwayo Ne Temere ya mwaka 1907, paroko anayefungisha ndoa hutakiwa kupeleka taarifa parokia alikobatizwa kila mwana ndoa, iandikwe pembeni mwa ingizo la ubatizo. Kwa hiyo ubatizo wa 1911 unaweza kuwa na maandishi madogo ya 1930 yanayotaja mwenzi, tarehe na parokia ya ndoa, hata kama ndoa ilifungwa mbali. Paroko akikuandikia cheti kipya, pambizo mara nyingi halinakiliwi. Mwombe kwa upole uone ukurasa wenyewe, au akunakilie kila kilichoko kwenye mstari, pamoja na namba ya ingizo, ile inayotanguliwa na LB, yaani Liber Baptizatorum, kitabu cha waliobatizwa. Namba hiyo haibadiliki hata tahajia ya jina ikibadilika mara tano.

Babu na kaka yake wa tumbo moja wameandikwa baba tofauti. Je, si ndugu?

Huenda ni ndugu kabisa. Watoto wengi walibatizwa kabla ya wazazi wao. Kaka mkubwa alibatizwa mwaka 1910 wakati baba bado ana jina la kimila tu, akaandikwa hivyo. Baba akabatizwa Petro mwaka 1922. Mdogo aliyezaliwa 1924 akaandikwa mwana wa Petro, na jina la kimila la baba halikutajwa tena. Ukitazama vyeti viwili mezani, ni watu wa baba wawili.

Namna ya kuthibitisha ni kutafuta ubatizo wa baba mwenyewe kati ya tarehe hizo mbili. Mtu mzima akibatizwa, padri mara nyingi aliandika jina jipya na la zamani pamoja. Jua pia kwamba katika misheni za Mapadri Weupe mafundisho ya watu wazima yalichukua miaka minne, kwa hiyo mtu aliyejiandikisha 1918 usimtafute katika ubatizo wa 1919. Angalia zaidi jina la mama, ambalo huyumba kidogo kuliko la baba, na wasimamizi wa ubatizo. Wasimamizi wa ndugu wa familia moja hurudiarudia.

Uwezekano mwingine upo: mke aliyerithiwa na ndugu wa marehemu, au mtoto aliyelelewa na mjomba akaandikwa kwa jina la mjomba. Wazee hawasemi hili kirahisi. Uliza "alikulia kwa nani?", usiulize "baba yake halisi ni nani?"

Majina ya Kiislamu yanafanana mno. Nitawatengaje watu?

Kwa mnyororo, si kwa jina moja. "Juma Hamisi" ni maelfu. "Juma bin Hamisi bin Athumani wa Kaole" ni wachache. Kila mara tafuta jina la tatu na mahali. Wakati wa ukoloni "bin" na "binti" vilianza kudondoshwa katika karatasi za serikali, hivyo hati ya 1905 yenye "Juma bin Hamisi" na kadi ya 1955 yenye "Juma Hamisi" zinaweza kuwa za mtu mmoja.

Tahajia zinazohesabika kuwa jina moja: Hamisi na Khamis, Athumani, Othman na Uthman, Ramadhani na Ramazani, hii ya pili ikitumika sana Kongo, Fatuma, Fatma na Fatima, Bakari na Abubakar, Sefu, Seif na Saif, Omari na Umar, Mohamedi, Muhammad na Mamadi. Lakini usiunganishe Salimu na Selemani, wala Hamadi na Hamedi, kwa kufanana tu. Kwa Kiarabu ni majina tofauti, na ndugu wawili wanaweza kuitwa hivyo nyumba moja.

Hati za makadhi, za wakfu na za mauziano ya mashamba zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zina ugumu wa aina yake. Herufi za Kiarabu hazina P, V, CH wala G yetu, kwa hiyo mwandishi alitumia herufi jirani au aliongeza nukta. Irabu fupi mara nyingi hazikuandikwa kabisa, na zilipoandikwa, alama moja ilibeba E na I, nyingine O na U. Karani wa serikali aliyegeuza hati hiyo kuwa ya herufi za Kilatini alibahatisha. Jina la Kiafrika katika tafsiri ya namna hiyo ni dhana, hivyo omba kuona hati ya awali na uisome pamoja na mtu aliyezoea mwandiko huo.

Tena, vyeo si majina. Mwinyi, Shomvi, Jumbe, Akida, Liwali, Maalim, Fundi na Sharifu viliwekwa mbele ya jina, na makarani wakaviingiza kama jina la kwanza. Ukikwama na "Jumbe Hamisi", tafuta Hamisi aliyekuwa jumbe.

Bibi ameandikwa "binti Hamisi" tu, au "mke wa" fulani. Nifanyeje?

Wanawake ndio waliopuuzwa kuliko wote na wenye vitabu, na inasikitisha kwamba mti wa ukoo wa watu wengi una matawi ya kiume matupu kwa sababu hiyo. Njia zipo, ila ni za pembeni.

Katika ndoa ya Kiislamu, tazama walii. Kwa madhehebu ya Shafi, walii ni baba. Akikosekana ni babu mzaa baba, kisha kaka wa baba mmoja, kisha mtoto wa kaka huyo, kisha ami. Maana yake, jina la walii linakupa ukoo wa bibi upande wa kiumeni hata kama jina lake mwenyewe halikuandikwa. Cheti kikionyesha walii ni kaka, tayari umempata shemeji wa babu, na unaweza kumfuata yeye katika kodi na hati za mashamba.

Kwa Wakristo, fuata ubatizo wa watoto wote wa bibi, si wa mzazi wako tu. Mahali pamoja ataandikwa Maria, pengine kwa jina la kimila, na katika ingizo la tatu yote mawili. Akiwa yeye mwenyewe ni msimamizi wa watoto wa wengine, ataonekana huko pia. Mama aliyejulikana kwa jina la mtoto, kama Mama Asha, mtafute kupitia ubatizo, shule au nikahi ya Asha huyo.

Tarehe hazilingani. Niamini ipi?

Iliyoandikwa karibu zaidi na tukio. Ubatizo wa mtoto mchanga unaaminika kuliko pasipoti ya miaka 50 baadaye. Tarehe 1 Januari na 1 Julai katika pasipoti na vitambulisho mara nyingi ni za kujazia tu, mwaka ukiwa umekadiriwa. Miaka ya watu wazima inayoishia na 0 au 5 nayo ni makadirio. Kijana alipunguziwa umri ili akwepe kodi ya kichwa, au akaongezewa ili apate kazi. Ruhusu tofauti ya miaka mitano kila upande, na kwa waliozaliwa kabla ya 1900 ruhusu kumi.

Tarehe za Hijria zidishe mwaka kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1300 unakupa 1883, na kweli mwaka huo ulianza Novemba 1882 ukaingia 1883. Usiongeze miaka 600 tu kwa kichwa, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355 na tofauti hujikusanya.

Wazee wakisema "alizaliwa wakati wa" tukio fulani, hiyo ni tarehe nzuri. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Vita vya kwanza ni 1914 hadi 1918. Njaa ya Mtunya ya Ugogo ni 1917 hadi 1920. Homa kuu ni 1918 na 1919. Ila uliza kama alizaliwa au alikuwa ameshaanza kutembea.

Majina ya kimila yanaweza kunisaidia?

Sana, na hapa ndipo utafiti wa kwetu una nguvu kuliko wa mahali pengi. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza kwa bibi mzaa baba, wa pili kwa bibi mzaa mama. Ukiwa na majina ya watoto wanne wa kwanza kwa mpangilio, unao majina ya wazazi wa pande zote mbili. Kwa Wajaluo jina hueleza saa au hali ya kuzaliwa: Otieno na Atieno ni wa usiku, Okoth na Akoth wa mvua, Opiyo na Odongo ni mapacha. Kulwa na Doto wa Wasukuma na Wanyamwezi ni mapacha pia. Ukimpata Doto peke yake, rudi ukamtafute Kulwa, hata kama alifariki mchanga.

Rwanda na Burundi ni kinyume: kimila mtoto hakurithi jina la baba, na ndugu wa tumbo moja wana majina yasiyohusiana. Huko usitafute jina la ukoo, tafuta wazazi. Na Kongo, sera ya Mobutu ya 1972 iliwaondolea watu majina ya Kikristo katika hati, hivyo Joseph wa 1965 anaweza kukosekana kabisa katika karatasi za 1975.

Zaidi ya jina kuna mwiko wa ukoo: mnyama au chakula ambacho watu wake hawali, kama muziro wa Wahaya. Jina linaweza kubadilika mara tatu kwa kizazi kimoja, mwiko haubadiliki kirahisi. Uulize kila unayemdhania ni jamaa.

Nitajuaje kuwa "huyu" wa kitabu hiki ni "yule" wa kitabu kile?

Tumia kipimo hiki: mbali na jina, viwepo vitu vitatu vinavyolingana, na kimoja kati yake kiwe ni uhusiano wa mtu, yaani mzazi, mwenzi, ndugu au msimamizi. Vingine vinaweza kuwa kijiji, kazi, umri, namba ya kipande, chifu. Kisha geuka ukijaribu kujipinga: je, yuko mahali pawili siku moja? Alikufa kabla ya mtoto kuzaliwa? Kuna mwingine wa jina hilo kijiji hichohicho? Mgongano mmoja wa kweli unazidi kulingana kwingi.

Mfano. Kitabu cha 1909 kina "Jusufu, mwana wa Dschuma", kigango fulani. Orodha ya kodi ya 1926 ina "Yusuf Juma" chifu yuleyule, umri ukilingana ndani ya miaka mitatu. Hapo una kanuni ya tahajia, mahali na umri, lakini uhusiano unaoujua ni jina la baba tu, tena la kawaida mno. Bado. Ukipata mke wake anatajwa na jina lilelile katika ubatizo wa mtoto na katika shauri la mirathi, hapo umefika.

Mababu zangu walikuwa watumwa. Kuna matumaini?

Yapo, ingawa njia ni ngumu. Zanzibar iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897 na kukamilisha 1909. Pwani ya Kenya ni 1907. Tanganyika ni 1922, ingawa Wajerumani kabla ya hapo walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja. Mtafute kwa jina la bwana wake pia, kwa sababu ndilo mara nyingi lililopangia karatasi, na kwa sababu wengine walitwaa nisba ya bwana, yaani jina linaloonyesha ukoo au asili yake. Hivyo nisba ya Kiarabu katika ukoo inaweza kuwa ya damu au ya ukombozi, na karatasi peke yake haisemi ipi.

Majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi, Farajala na Majaliwa walipewa watumwa wengi, lakini watu huru nao waliitwa hivyo. Usihukumu kwa jina. Waliokombolewa na kulelewa misheni walipata majina mapya kabisa: Jacob Wainwright, aliyekuwa katika msafara wa kuurudisha mwili wa Livingstone, alikuwa Myao aliyelelewa Nasik, India. Abdullah Susi wa msafara huohuo alibatizwa David mwaka 1886. Kama familia yako inatoka Freretown ya Mombasa iliyoanzishwa 1875, Mbweni, Masasi au kijiji cha misheni cha Bagamoyo, tarajia jina la Kizungu lisilo na uhusiano wowote na ukoo, na tafuta safu ya kabila au mahali pa asili katika rejista ya misheni.

Angalia pia kabila lenyewe. Katika sensa za Zanzibar za 1924, 1931 na 1948, watu wengi walihama kutoka kundi la Waswahili hadi makundi mengine kama Washirazi. Familia ikibadili kabila kati ya hati mbili, hiyo haitoshi kuwafanya watu wawili.

Vitabu na majalada yako wapi?

Vitabu vya ubatizo na ndoa viko parokiani. Parokia ikigawanywa, vya zamani hubaki parokia mama, kwa hiyo uliza eneo lenu lilikuwa chini ya nani mwaka unaoutafuta. Nenda na barua ya paroko au mchungaji wako, kitambulisho, na orodha fupi ya majina yenye tahajia zote na miaka. Tarajia mapengo kati ya 1916 na katikati ya miaka ya 1920 katika misheni za Kijerumani, kwani wamisionari wengi waliondolewa kwa sababu ya vita.

Shajara, barua na ripoti za wamisionari ziko zaidi Ulaya: za Mapadri wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris, za Mapadri Weupe Roma, za CMS, misheni ya Kianglikana, Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA, nayo ya Kianglikana, maktaba ya Bodleian Oxford, za Wamoraviani Herrnhut. Majalada ya serikali ya Kijerumani yamegawanyika kati ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, Berlin, chini ya alama R 1001 na R 1003. Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, na za Kenya Nairobi, Moi Avenue. Kwa pwani ya Kenya usiache madai ya ardhi yaliyofunguliwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, maana mdai alilazimika kueleza alirithi kwa nani.

Nikitafuta mtandaoni sipati kitu.

Mitambo mingi hulinganisha majina kwa kanuni ya Soundex, ambayo huishikilia herufi ya kwanza. Hamisi, Khamis na Chamis kwake ni watu watatu. Tumia nyota mahali pa herufi zisizo na uhakika, kama *amis*, au acha jina kabisa utafute kwa mahali na mwaka. Tovuti ya FamilySearch ni ya bure na inafaa kuanzia. Vipimo vya vinasaba vinaonyesha ujamaa, havitoi majina. Na kwa kuwa watu wa Afrika Mashariki waliopimwa bado ni wachache, usivitegemee kufungua kitendawili cha 1890.

Majina tofauti yananizuia kwenye mirathi. Je, utafiti huu unatosha?

Peke yake hautoshi. Mahakama na ofisi za usajili hutaka kiapo: ndugu anayemjua marehemu huapa kwamba majina yaliyotajwa ni ya mtu mmoja, akiambatisha vyeti. Hati ya kubadili jina ni kitu kingine, na ni ya aliye hai. Wasiliana na wakili kabla ya kulipia chochote.

Katika mti wa ukoo niandike jina lipi?

Chagua moja la kichwa, lile ambalo familia hulitumia, kisha chini yake orodhesha kila umbo la jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, pamoja na kitabu, ukurasa, namba ya ingizo na mwaka. Usisahihishe "Dschuma" kuwa "Juma" katika orodha hiyo, kwa sababu atakayekufuata hataweza kulikuta tena ukurasani. Palipo na shaka weka alama ya kuuliza na sababu yake kwa sentensi moja. Mahali ambapo watu wawili hawajathibitika kuwa mmoja, waache wawili, kila mmoja na karatasi zake. Kuwaunganisha kesho ni kazi ya dakika moja, kuwatenga baada ya ukoo mzima kunakili mti huo ni karibu haiwezekani.